Mkondo Kati ya Mawifi

Upepo uligeuka ghafla mchana, mawifi wawili wakiwa katikati ya bahari, na mambo yakaenda mrama hapo hapo. Wimbi la kwanza lilizitenganisha kayaki zao, vimtumbwi vya mtu mmoja mmoja. La pili likampindua msusi. Mtunza stoo, dada wa mumewe, alimwona akizama, akiibuka na kuing'ang'ania kayaki yake iliyolala kifudifudi, lakini yeye hakuweza kumfikia. Haukupita muda kila mmoja alikuwa ametupwa kwenye kisiwa chake cha mawe, na kati yao mkondo mwembamba wa maji ya chumvi ukichemka.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya kuondoka, walikuwa wamepanga mizigo sebuleni, na aliyetoa amri ni mtunza stoo, maana mbele yake hakuna anayethubutu kupanga kitu. Miaka yote kazini ameweka misumari pamoja na misumari, rangi pamoja na rangi. Basi hema, mablanketi, nguo kavu na viberiti vikaenda kwenye kayaki yake. Maji, chakula na jiko vikaenda kwa msusi.

"Wifi, si kila mtu abebe nguo zake tu?" msusi aliuliza.

"Ukichanganya utakuja kupekua kama kuku jalalani. Tunalala kisiwani usiku mmoja, hatuhami."

Walicheka. Walikuwa wakipendana, hilo lisemwe mapema.

Sasa mmoja alikuwa na joto bila tone la maji ya kunywa, na mwenzake, ambaye kayaki yake ilichukuliwa na mawimbi, alikuwa na madumu mawili ya maji na fulana iliyolowa chapachapa. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Baridi ya namna hiyo humuua mtu kabla ya kiu, na wote wawili walilijua.

"Wifi, niletee blanketi," msusi alipaza sauti.

"Ngoja upepo upungue. Rukaruka, usikae."

"Vidole sivisikii."

Mtunza stoo aliiingiza kayaki majini. Wimbi likaibamiza kwenye jiwe, kiganja kikachanika, akarudi nchi kavu akitambaa. Hakujaribu tena. Alisimamisha hema, akabadili nguo, akajifunika. Msusi aliendelea kumwita. Hapo mtunza stoo akafunga zipu ya hema. Alijiambia anazuia upepo.

Giza likaingia. Kiu ilimkausha mpaka ulimi ukawa mzito. Ile sauti ng'ambo ikazidi kuwa nyembamba, na kulipokaribia kupambazuka ikakoma. Kuitwa kulikuwa kumemtesa. Kimya kilimtoa hemani mbio. Upepo haukuwa umepungua hata kidogo. Aliyafunga mablanketi ndani ya mfuko usiopitisha maji, akaingia mkondoni na kayaki, akapiga kasia huku analia kwa woga. Katikati alipinduka. Aliogelea akiwa ameukumbatia mfuko, na mawe ya ng'ambo yakamchuna magoti.

Msusi alikuwa amejikunja kando ya madumu, hatetemeki tena. Midomo ilikuwa ya kijivu. Mtunza stoo alimvua zile nguo zilizolowa, akavua na zake, akamviringishia mablanketi, akaingia naye ndani, ngozi kwa ngozi. Akamsugua, akamtukana, akambembeleza.

"Nitamwambia nini kaka? Amka, wifi. Amka."

Jua lilikuwa limeshapanda wakati mwili wa msusi ulipoanza kutetemeka tena. Alitetemeka vibaya, meno yakigongana, na mtunza stoo akalia kwa shukrani.

Boti ya doria iliwakuta mchana. Mabaharia waliwapandisha pamoja, kwa kuwa walishindwa kuwatenganisha. Mmoja wao aliviangalia vidole vya msusi, vilivyofura na kukakamaa, akageuza uso.

Njiani msusi alifumbua macho.

"Wifi."

"Usiongee. Kunywa kwanza."

"Nilikuona ukifunga hema."

Mtunza stoo alikisogeza kikombe karibu na mdomo wa msusi. Angeweza kuusingizia upepo.

"Nilifunga," alisema. "Na nilikuwa nakusikia."

Msusi alikiangalia kikombe. Kisha akafungua mdomo, akamwacha amnyweshe, maana vidole vyake mwenyewe havikuweza kushika kitu.