Saa za Ziada Siku ya Kumzika Jotham

Saa 3:20 asubuhi. Jumapili.

Chumba cha nyuma ya duka la spea la Muddy, Ibighi. Dirisha limezibwa kwa gunia. Watu watatu. Nondo moja.

Charles, msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kufungashia parachichi, alichora kwa chaki sakafuni.

"Geti. Ofisi. Kabati la chuma. Hela za kununulia mzigo zimeingia jana, kesho zinatoka. Leo kumefungwa."

"Mlinzi?" Muddy aliuliza.

"Wa mchana anaumwa. Wa usiku katoka saa kumi na mbili." Charles alimgeukia Gwakisa. "Si mjomba wako, mzee Asajile? Leo anamzika kaka yake. Mnyakyusa gani anakosa kumzika ndugu wa tumbo moja?"

Hakuna. Hilo Gwakisa alilijua kama alivyojua jina lake. Mjomba Jotham yuko kwenye jeneza kule Mpuguso, na yeye anapanga wizi. Lakini miezi mitano amepakia makontena kwenye kiwanda hicho, anaingia saa moja asubuhi, anatoka saa nne usiku, na mwisho wa mwezi bahasha ni ileile. Sheria inasema saa ya ziada ilipwe kama saa moja na nusu, tena kwa makubaliano. Bosi alisema asiyetaka, geti lile pale. Mama yake, Tulia, alimsihi aende Mbeya kwenye Tume ya usuluhishi. Nauli angeitafuta yeye kwa kuuza ndizi. Hakwenda. Aliona ni safari ndefu. Ndivyo wanavyopotea watoto wetu, haki mkononi, subira hawana.

"Nachukua ya saa zangu tu," alisema.

Muddy akacheka. "Kaka, wewe unaiba na kalkuleta?"

"Na mtu asiguswe. Akiguswa mtu, simo."

"Aguswe nani?" Charles alifuta chaki kwa soli ya kiatu. "Hamna mtu. Nondo beba wewe."

Saa 6:45 mchana.

Mpuguso. Vilio, moshi, masufuria ya msiba. Gwakisa aliaga anafuata saruji ya kaburi mjini.

Tulia aliinua uso, macho mekundu. "Mjomba wako Asajile simwoni."

"Katoka zamu, mama. Usingizi umempitia."

"Leo? Siku ya kaka yake?"

Aligeuka, akaondoka. Pikipiki ya Muddy ilikuwa inanguruma barabarani.

Saa 8:10.

Kyimo, kiwandani. Mvua na ukungu, huoni hatua kumi mbele. Charles aliwangoja nyuma ya uzio na ufunguo wa geti dogo. Muddy alibaki kwenye pikipiki.

Saa 8:22.

Kufuli la ofisi lilikatika. Charles aliingia ofisini, akavunja kabati, akaanza kusomba hela kwenye begi. Gwakisa alichukua nondo, akasimama mlangoni. Mvua ilipiga bati, hata pumzi yake hakuisikia.

Ndipo mtu akatokea kwenye ukungu. Koti la mvua. Kofia imefunika uso. Rungu juu. Alipaza sauti, mvua ikaimeza.

Gwakisa hakufikiri. Alipiga mara moja.

Mtu alianguka chali. Kofia ikateleza.

"Mjomba! Mjomba!"

Damu ilitoka sikioni, ikachanganyika na maji.

"Charles! Anafanya nini huku?"

Charles alifunga zipu ya begi. "Amri ya bosi. Aunganishe zamu. Akiondoka, kazi hana."

"Ulijua."

"Nilimwandika mwenyewe kwenye ratiba. Nilidhani atakuwa kalala kibandani, yuko macho tangu jana jioni."

"Hakuomba ruhusa?"

"Alipiga magoti." Charles aliangalia pembeni. "Ningekwambia, ungekuja?"

Siku nne za kuzika ndugu ziko kwenye sheria. Mzee hakupewa hata mchana mmoja.

Muddy alikuja mbio, akamwona aliyelala chini, akashika kichwa. "Mtume! Si mzee wetu huyu? Kaka, twende. Ukibaki, imekula kwako."

"Nendeni."

Muddy alimtazama mzee. Akaitazama pikipiki. Akageuka, akamfuata Charles.

Gwakisa alikaa kwenye matope, akakipakata kichwa cha mjomba wake. Alipiga simu polisi mwenyewe. "Kuna mtu ameumia. Niliyempiga ni mimi."

Saa 8:41.

Mzee alifumbua macho. "Mwipwa. Umekuja kunichukua?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ndaga, mwanangu. Asante." Akahema. "Wameshamzika?"

"Bado. Wanakusubiri wewe."

"Basi twende."

Alijaribu kuinuka. Mabega yalinyanyuka kidogo, yakarudi mapajani mwa Gwakisa, yakawa mazito.

Saa 9:05.

Polisi walimfunga pingu pale pale. Mmoja alifungua daftari lake chini ya mwavuli.

"Ndugu wa karibu wa marehemu. Una namba yake?"

Gwakisa aliitaja kwa kichwa, tarakimu moja moja. Ilikuwa namba ya mama yake.