Shimo la Mafuta Bandia

Foleni ya duka la chipsi kule Overport, Durban, ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango, na joto la Jumamosi mchana lilikuwa halina huruma. Blandina alisimama katikati ya foleni hiyo katika gauni lake la njano la kitenge, mikono ya puto, kiuno kimebana vizuri. Alikuwa amelishona mwenyewe wiki ile, na ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nalo. Mara akahisi watu wa nyuma yake wanasogea kando. Mama mmoja wa Kihindi alijiziba pua kwa ncha ya mtandio wake. "Eish!" akasema kijana mmoja, akatoka kwenye foleni kabisa.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa ya utamu uliochacha, kama sukari guru iliyosahauliwa kwenye ndoo alimofia panya. Blandina akageuka na kumwona mwanamume mrefu aliyepakwa uji mweusi kuanzia kidevuni mpaka viatuni. Uji ule ulikuwa umekaukia viwikoni na kupasukapasuka, na nzi wawili walikuwa wakimzunguka kama wamepewa zamu. Kilichobaki safi kilikuwa macho na meno.

"Ishia hapo hapo, kaka. Usinisogelee!" Blandina alimaka kwa Kiswahili bila kufikiri.

"Ah! Kumbe weye unasema Kiswahili!" Yule bwana akafurahi mno, akapiga hatua mbele, na mkono wake ukagusa puto la gauni.

"Jamani! Gauni langu!"

"Pardon, mama, pardon! Hii haiko uchafu. Iko mafuta."

"Mafuta gani yananuka hivi?"

"Petroli. Ya uongo. Ya sinema." Akajipiga kifua, kikatoa mlio wa chapachapa. "Miye naitwa Prodige. Tunacheza sinema ya watu wa zamani, wanachimba mafuta. Gari yao imetuacha hapo kwa robot, kwa taa za barabara, na njaa inaniua."

Blandina alitaka kukasirika. Alijiandaa kabisa, midomo ikakunjika, lakini nzi mmoja akatua kwenye pua ya yule bwana, naye akampuliza kwa heshima kama anayempisha mkubwa. Kicheko kikamtoka Blandina.

"Utanilipa kitenge changu," alisema.

"Nitakulipa na moyo."

"Moyo wenyewe unanuka, kaa nao."

Lakini namba ya simu alimpa.

Blandina alikuwa mtu wa Bukoba, fundi cherehani mwenye chumba chake cha kazi Umbilo Road, juu ya duka la matairi. Jumatatu Prodige alifika pale akiwa ameoga, shati jeupe, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi ikasimama, marashi yametangulia ngazini. Blandina alimtazama mara mbili kuhakikisha ni yule yule. Alikuwa amekuja na mama wa mavazi wa ile filamu, Mzungu mnene mwenye pini kifuani, ambaye mafundi wake walikuwa wamezidiwa. Prodige alikuwa amemwambia kwamba Umbilo kuna mwanamke anayeshona kama malaika. Hakuwahi kuona hata kitufe alichoshona Blandina, ila lile gauni la njano.

Hivyo ndivyo Blandina alivyoingia kwenye kazi ya sinema. Walipelekwa kila asubuhi nje ya mji, kwenye shamba la miwa lililoachwa, ambako walikuwa wamejenga minara ya mbao ya kuchimbia mafuta, kilabu cha pombe kisicho na ukuta wa nyuma, na shimo kubwa la tope jeusi. Filamu yenyewe ilihusu tajiri wa Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, aliyewaghilibu wakulima kwa maneno matamu mpaka wakampa ardhi yao, akatoboa, akatajirika, akabaki peke yake na visima vyake. Wakongomani na Watanzania ndio waliojaza picha: vibarua wa mbali, wasio na jina, wanaoonekana migongo tu.

"Miye sitabaki mgongo," Prodige alimwambia kwenye simu jioni moja. "Nataka siku moja mama yangu kule Bukavu aone sura yangu, asikie sauti yangu. Hata neno moja, chérie wangu."

"Neno gani?"

"Hata 'ndiyo, bwana.'"

"Hilo mbona unaniambia mimi kila siku?"

"Kwako ni mazoezi."

Wakacheka mpaka jirani wa Blandina akagonga ukuta. Walipendana hivyo, kwa utani na kwa simu, kwa matembezi ya Jumapili kwenye kilima cha Berea baada ya kanisa, Prodige amemshika mkono kana kwamba anavuka naye barabara hata pale pasipo na gari.

Tatizo likawa lile shimo. Tope lenyewe lilikuwa molasi, unga wa mahindi, maji na rangi, na kwa joto la Durban lilitakiwa kumwagwa na kukorogwa upya kila mara. Halikumwagwa. Likachacha. Likaota ngozi ya kijivu juu yake, na chini ya ngozi hiyo kulikuwa na kitu kinachotokota chenyewe bila moto. Siku ya kupiga picha ya kisima kulipuka, vibarua walifika ukingoni, wakaona funza weupe wakielea, wakarudi nyuma. Blandina alikuwa amepiga magoti karibu yao, anashona tundu la suruali, pini kinywani. Harufu ilimpanda mpaka machozi yakamtoka.

"Hatuingii," alisema mzee Léonce, mtu wa Uvira, mkubwa kuliko wote pale. Prodige alimwita Vieux, yaani mzee kwa Kifaransa. Alipofika Durban hana hata shuka, mzee huyu ndiye aliyempa nusu ya godoro lake.

Msaidizi wa mwongozaji, kijana mwenye miwani ya jua na simu mbili, alimvuta Prodige kando. Blandina aliwaona wakinong'ona. Akaona mkono wa yule kijana ukimpigapiga Prodige begani. Muda mfupi baadaye Prodige alivishwa koti safi la msimamizi wa vibarua, ambalo Blandina alikuwa amekesha akilishona kwa vipimo vyake, akitumaini siku moja atapewa yeye, akapanda juu ya sanduku.

"Bandugu!" alipaza sauti. "Wameniapia, hii iko mpya. Wamekoroga asubuhi. Hiyo juu ni vumbi tu. Tuingie, tumalize, twende kwetu!"

Wakamwamini, kwa kuwa alikuwa wao. Waliingia mmoja mmoja, Léonce mbele, tope likawafika kifuani, na bomba likafunguliwa likawamwagia lingine vichwani. Prodige alibaki juu ya sanduku na koti lake, akasema maneno yake kwa kamera, na kamera ikamkubali.

Blandina alikimbilia nyuma ya hema la mavazi akatapika mpaka nyongo.

Mzee Léonce alikuwa na kidonda mguuni. Jioni ile ile mguu ulivimba, na macho yake yakaziba kwa usaha. Wengine walitapika na kuwashwa ngozi, lakini yeye alilazwa hospitali.

"Ulijua," Blandina alimwambia Prodige wakati wanasubiri gari. Prodige alikuwa bado amevaa lile koti.

"Chérie, niliwaambia kile miye nimeambiwa."

"Una pua?"

"Blandina..."

"Nakuuliza, una pua au huna?"

Prodige alinyoosha mkono kumshika. Blandina aliurudisha wake haraka, kama mtu aliyekanyaga konokono gizani.

"Usiniguse. Siku ile Overport ulikuwa unanuka, nikacheka. Leo umeoga, na nakuona unanuka mpaka ndani. Nasikia kichefuchefu, Prodige. Sikutanii."

Akaacha kazi siku hiyo. Akamfungia kwenye simu. Prodige akapiga kwa namba nyingine. Blandina aliposikia sauti yake tu akakata. Nyumbani alisugua mikono kwa limau na sabuni ya unga, lakini alihisi ile harufu kwenye kucha, kwenye mto, kwenye wali. Kilichomkera zaidi ni kwamba alilikumbuka koti. Alikuwa ameshona bitana lake kwa mkono, mishono midogo ya upendo, ili limkae vizuri mpenzi wake asimame juu ya sanduku kuwadanganya wenzake. Kinyaa hicho hakikuwa na limau.

Habari alizipata saluni kwa Laurette, msusi wa Kikongo aliyejua mambo ya kila mtu Umbilo.

"Na weye ungali umemkasirikia ule bwana yako?" Laurette aliuliza, vidole vikienda mbio kichwani.

"Sina bwana."

"Haya. Basi huyo asiye bwana yako wamemfukuza." Laurette akavuta msuko. "Walitaka kurudia picha ile ya shimo, na yeye aseme maneno mengi zaidi. Akapanda kwa sanduku. Kamera inazunguka, kila mtu kimya. Akamwita yule kijana wa miwani, akamwambia: weye tia mkono humo kwanza. Mkono tu. Mwenyewe akakataa! Basi Prodige akageukia batu akasema, mumeona, nyinyi mutoke. Wote wakatoka. Sasa wamemwaga shimo, wameleta daktari, batu wamerudi kazini. Yeye peke yake ndiye hana kazi. Na sura yake wameikata kwa sinema. Mzee Léonce naye wamemtoa hospitali, yuko kwake."

Blandina alijitazama kwenye kioo. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu.

"Maliza," alisema. "Halafu nionyeshe anapokaa mzee Léonce."

Ghorofa alilokaa mzee lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa Blandina. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, na hewa yenyewe ilikuwa nzito ya dawa na nyama iliyooza. Blandina alisimama kizingitini akaziba pua kwa kiganja. Mzee Léonce alikuwa ameegemezwa mito, macho yamefungwa bandeji nyeupe. Prodige alikuwa sakafuni, fulana imelowa, bakuli la maji ya chumvi pembeni, mguu wa mzee juu ya paja lake. Alikuwa akifuta usaha kidogokidogo kwa kitambaa, bila kugeuza uso.

Aliponyanyua macho akamwona, hakusimama.

"Uliniuliza kama niko na pua," alisema polepole. "Nilinusa, Blandina. Kabla sijapanda kwa sanduku. Niliambiwa ni mpya, kweli, lakini pua ilinikatalia. Nikaifunga. Nilitaka tu mama aone sura yangu."

"Na yeye anajua?" Blandina alimwonyesha mzee kwa kidevu.

"Najua," alijibu Léonce mwenyewe, sauti kavu. "Ameniambia hospitalini. Nilimtemea mate. Kisha nikamwambia anioshe, maana anayenuka sasa ni miye." Akageuza uso wake wa bandeji kuelekea mlangoni. "Sauti hii siijui. Nani ameingia?"

Prodige akaacha kufuta. Akamtazama Blandina kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Blandina alibaki kizingitini. Kinyaa kilikuwa bado kimemkaa kooni. Kilimfuata mpaka pale mlangoni, na hakikuwa cha kidonda peke yake. Angeweza kugeuka. Ngazi zilikuwa nyuma yake na nje kulikuwa na upepo. Akatazama vidole vya Prodige vilivyokunjamana kwa maji, akatazama kitambaa kilichojaa, akaona kwamba hakuna aliyekuja kumpa kingine safi.

Akavua bangili, akazitia kwenye mkoba. Akakunja mikono ya blauzi.

"Naitwa Blandina, baba," alisema, akipiga magoti kando ya bakuli. "Mimi ni mke mtarajiwa wa huyu mtu. Ila bado sijamsamehe, kwa hiyo asiniguse mpaka nimwambie."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Prodige aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka.

"Usilie kwenye maji ya kidonda," Blandina alimwambia. "Sogea. Nipe hicho kitambaa."