Chini ya Nailoni

Fundi wa kupuliza dari, ambaye mtaa mzima ulimwita Vipele kwa sababu ya kazi yake, aliingia nyumbani kwao asubuhi moja, jua likiwa limeshashika vizuri, mashine yake begani. Dada yake mkubwa alikuwa uani anaanua nguo. Hakugeuka.

"Wateja wameisha leo?"

"Dada, jamani. Si nimekuja?"

"Umekuja. Mwenye chumba keshaondoka."

Mama yao alilala chali miaka mingi katika chumba kile, mwili umemkatalia kuanzia kiunoni, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kutazama ni dari yenye doa la kahawia la maji ya mvua. Mwanawe alipuliza dari za kumbi, za ofisi, za watu asiowajua hata kwa sura. Ya mama ilikuwa ya wiki ijayo, kila wiki. Tangu mazishi, dada alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mpita njia. Kwa hiyo leo alikuja kuipuliza, maana hakujua njia nyingine ya kumwomba dada yake radhi. Tusimcheke. Wengi wetu huomba radhi kwa kile tu ambacho mikono yetu inakiweza.

Chumbani kilibaki kitanda peke yake. Seremala alikiundia humo humo, hakikuweza kupita mlangoni. Godoro lilishatolewa, zikabaki chaga tupu. Vipele alitandaza nailoni sakafuni, akafunika na kitanda, akaivuta nailoni mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, akabana pembe zote kwa tepu. Doa akalipaka dawa ya kulizuia lisijitokeze tena. Kisha akakoroga uji wake mweupe mzito, ule unaorushwa kwa upepo wa mashine mpaka dari isimame vipele kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuwasha mashine katika nyumba ya watu, husimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Kuna mtu humu?" Wakati fulani almanusura ampulizie mzee aliyesinzia nyuma ya pazia. Siku hii hakuuliza. Nyumbani kwao, amuulize nani?

Akaanzia kona ya dirishani, akarudi nyuma pole pole kuelekea mlangoni, uso kitandani, mgongo nje. Dari ikapendeza. Matone mengine yalidondoka chini kama kawaida, yakatua juu ya nailoni, yakaifanya nyeupe.

Hapo ndipo alipoona kwamba nailoni ya kitandani haijakaza tena.

Ilikuwa imeinuka. Kidogo miguuni. Kidogo magotini. Matone yaliteleza pembeni, yakachora bega, yakachora shingo.

Ni upepo wa mashine, akajiambia. Akazima.

Kimya. Umbo halikushuka.

Upande wa kichwani, nailoni ilibonyea. Ikajaa. Ikabonyea tena.

"Fundi," sauti ikanong'ona.

"Naam," akaitika. Mazoea tu.

"Ukimaliza, usifunge mlango. Mwanangu anakuja."

Akaishusha barakoa usoni. "Mama. Ni mimi."

Nailoni ikatulia, kama mtu anayetega sikio.

"Hapana, baba," sauti ikasema kwa upole, ule upole wa kumliwaza mgeni. "Yeye ni wiki ijayo."

Alitoka kinyumenyume hadi uani, hakuthubutu kukipa kitanda kisogo. Dada alimtazama usoni, akaliweka chini beseni la nguo.

"Amekwambia habari ya mlango?"

"Kumbe unajua?"

"Tangu tumzike. Kila anayeingia mle huambiwa hivyo hivyo. Mimi hukaa naye, nikamwambia yuko njiani. Ananyamaza." Akamshika mkono. Hakuwa amemshika tangu msibani. "Hiyo dari yako siitaki. Rudi ukae naye. Kaa tu mpaka akujue, basi. Na mimi sitakuwa na neno nawe tena maisha yangu yote."

Vipele akatazama kule koridoni. Mlango ulikuwa wazi. Nailoni ilichakarika.

"Ngoja kwanza nikaioshe mashine," alisema. "Uji ukigandia ndani, imekufa."

"Mashine iko chumbani," dada akasema.

Dada akamwachia mkono, taratibu, akainama kuokota beseni lake. Vipele akashika njia. Mashine hajaifuata mpaka leo, wala dada hajamtumia mtu wa kumwita.

Alipofika kwake, mkewe alimpokea mlangoni, akamgeuza.

"Nani alikukumbatia?"

Mgongoni mwa shati, chini kidogo ya bega, palikuwa na alama nyeupe ya kiganja. Kiganja chembamba, cha mtu mzima, vidole vimekunja kitambaa kwa nguvu, kama anavyong'ang'ania mgonjwa anapoinuliwa kitandani. Vipele hakuwahi kumwinua mama yake hata siku moja. Na mle chumbani hakugeuza mgongo.

Mke aliliroweka shati, akalifikicha, akalianika juani. Vidole havikutoka; vilikauka, vikasimama vipele vigumu kama vya dari. Isipokuwa kidole gumba. Hicho, ukikigusa hata sasa, bado ni kibichi.