Aliishi Hapahapa, Nami Sikumwuliza Anataka Nyumba Yangu ya Nini

Nina miaka arobaini na saba, na ninaandika haya nikiwa nimeketi kitandani kwa dada yangu Rhoda, Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm. Kwenye kitanda hiki nalala na binti yangu Neema, wa miaka kumi na tano. Mwaka jana nilikuwa na jiko, balkoni na mlango wenye jina langu. Nyumba hiyo niliipoteza mwenyewe, kwa kuona haya kuuliza swali moja.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitale. Nilikuja Stockholm kusoma, nikaolewa, nikaachika, nikabaki nikitunza wazee. Nyumba yangu ilikuwa mtaa wa Rissne, vyumba viwili vya kupanga. Walio hapa wanajua maana ya kuwa na mkataba kwa jina lako... Nilikaa kwenye foleni ya nyumba miaka kumi na moja! Siku niliyopewa ufunguo nililia kwenye ngazi, mtu mzima mimi, na mifuko yangu mkononi.

Kisha mama akaanza kuugua huko nyumbani. Ili nipate nauli ya kwenda kumwona, kila kiangazi nikawa naipangisha nyumba kwa watalii kwa siku chache kupitia mtandao, nasi tunahamia kwa Rhoda. Mkataba ulikataza jambo hilo bila ruhusa. Nilijua. Sitawadanganya kwamba sikujua.

Ila nilikuwa mwangalifu, au nilijiona hivyo. Rhoda, ambaye kazi yake ni kusafisha nyumba za watalii, alinipa masharti. Mgeni aonyeshe kitambulisho, aseme watakuwa wangapi, na zaidi ya yote asiwe mtu wa Stockholm.

"Mwenye kitanda chake hapa mjini anatafuta chako cha nini?" aliniambia. "Hao ni watu wa sherehe."

Kwa sababu hiyo niliwakataa vijana wawili wa Kiswidi bila kupepesa macho. Nikajisifu kweli.

Mwezi wa sita ukaja ujumbe kwa Kiswahili. "Dada, Bwana asifiwe. Nimeona jina lako nikafurahi, kumbe ni mtu wa nyumbani. Nina mgeni, shangazi yangu kutoka Kenya. Tutakuwa wawili tu." Aliyeandika aliitwa Consolata, anaishi Hjulsta.

Hjulsta! Kutoka huko hadi kwangu ni safari fupi tu ya treni. Swali lilinifika kooni. Lakini mtu amekusalimu kwa jina la Bwana, utamwambiaje akupigie picha kitambulisho? Kwetu sisi hiyo ni sawa na kumwita mwizi. Nikamkabidhi ufunguo kituoni, tukakumbatiana, nikamwambia ajisikie nyumbani.

Siku ya tatu akapiga simu Gunilla, jirani yangu wa chini, mama mzee. Akasema ngazi zimejaa watu, na wanaimba. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilipanda treni na Neema, nikiwa nimeshapanga maneno yote nitakayomtupia huyo Consolata.

Mlango ulikuwa wazi, viatu vimemwagika hadi nje. Ndani, juu ya meza yangu, palikuwa na picha ya mwanamume, mshumaa, na daftari la rambirambi. Yalikuwa matanga.

Mume wa Consolata alikuwa amefariki ghafla kazini, na maiti ilikuwa ikisubiri kusafirishwa Kenya. Yeye alipanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hakutaka mgeni hata mmoja. Watu wangekuja kulia naye wapi? Shangazi alikuwepo kweli, ameketi sakafuni. Hilo tu ndilo lililokuwa kweli.

Consolata aliponiona alisimama. "Nisamehe, dada. Ningekuambia ukweli, ungekubali?"

Nisingekubali.

Nyinyi mngefanya nini? Mngemfukuza mjane? Yale maneno yangu yote yaliyeyuka. Mzee mmoja, akidhani nami nimekuja kuhani, alinivutia kiti na kunipa chai. Nikaketi. Walipotafuta wa kuomba, nikaomba mimi... Neema alibaki mlangoni. "Säg åt dem att gå, mamma," alisema kwa Kiswidi chake, kwamba niwaambie waondoke. Nikatikisa kichwa.

Waliimba siku nne zaidi. Baada ya wiki mbili ikaja barua kutoka kampuni ya nyumba. Walikuwa wamepokea malalamiko, wakatafuta, wakakuta tangazo langu mtandaoni, na picha za jikoni kwangu. Nilijitetea nini? Nilisema nina mama mgonjwa. Wakaniandikia kwamba wanasikitika. Mkataba ukavunjwa, tukapewa miezi mitatu.

Neema hanigombezi, na laiti angenigombeza. Anaamka mapema kwenda shule yake ya zamani. Kwa mama sijafika tangu hapo. Kwenye simu huniuliza kama nyumba yangu haina baridi, nami humjibu kuwa haina.

Nimejaribu kumchukia Consolata, nimeshindwa. Alinidanganya, ndiyo. Lakini ningemwuliza, "Dada, wewe ni wa hapahapa, nyumba yangu unaitakia nini?" huenda angelia akanieleza, nami ningempigia simu mchungaji wetu, na ukumbi wa kanisa ungefunguliwa siku hiyohiyo. Kumwuliza si kumdharau. Nilidhani ninamheshimu, kumbe nilikuwa nakwepa kumjua.

Nawasihi, msipangishe bila ruhusa ya maandishi, hata mkiwa na shida namna gani. Na mkipata ruhusa, mwulizeni kila mgeni wa mjini, hata anayewasalimu kwa lugha ya mama yenu.

Mwezi uliopita Rhoda alipata wageni, nikatafuta mahali pa wiki moja. Nikamwandikia mama mmoja Mtanzania anayepangisha nyumba yake. Akaniuliza kwa adabu, mimi niliye hapahapa Stockholm, nyumba yake ya nini? Nikamweleza kila kitu, ukweli mtupu.

Akajibu kwamba ananiombea, lakini yeye hapokei watu wa mjini. Nami sikumlaumu; angalau yeye aliuliza.