Aliyesimama Nyuma ya Setsuko

Giza lilikuwa linaanza kuteremka juu ya Tsurui, kijiji cha kaskazini mwa Japani, theluji imeshageuka rangi ya majivu, Bi Fumie alipoingia dukani kwa mzee Iwabuchi kununua lenzi ndefu ya kamera. Lenzi tu. Hakuna aliyejua kilichompeleka, ila mimi nitawaambia: wivu. Wivu mtupu, ule wa kumfanya mtu mzima ashindwe kumeza wali.

Yeye na Bi Setsuko walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Walijifunza kupiga picha pamoja, wakipigwa na baridi ile ile kando ya mto, wakingoja ndege korongo warudi kulala majini. Lakini kila kalenda ya kijiji ikitoka, picha ya ukurasa wa Januari ni ya Setsuko. Fumie humpongeza, humwinamia, hucheka naye. Akifika nyumbani hulia. Hata mara moja tu, jamani? Akajiambia ni lenzi. Setsuko ana lenzi ndefu, ndiyo maana. Mwenye kijicho hakosi sababu.

Duka liko mlimani, na dirishani mto wote unaonekana chini. Mzee Iwabuchi akampangia lenzi tatu. Akamweleza kwa upole kwamba fupi huchukua milima na ndege kwa pamoja, tena ni nyepesi. Ya kati ina mdomo mpana, hunywa mwanga hata jioni. Ndefu humleta ndege hadi puani, lakini ni nzito, na gizani haioni sawasawa.

"Mama, usinunue urefu wa mwenzio," alisema. "Nunua kile unachotaka kuona."

Fumie akaifunga ile fupi kwenye kamera yake, akachungulia dirishani. Setsuko alikuwa kule mtoni peke yake, pahala pake pa siku zote. Nyuma yake palikuwa na doa jeusi.

Akafuta kioo. Doa likabaki.

Akaweka ya kati. Doa likawa na mabega.

Mtu... Mwanamke, amesimama nyuma ya Setsuko, karibu mno, na theluji iliyomzunguka haina nyayo. Setsuko akainama akikohoa. Kikohozi hicho kilimwandama tangu kalenda itoke, na madaktari wa mjini Kushiro walikitafutia jina mpaka wakachoka.

Fumie akaifunga ile ndefu, akaivuta mpaka mwisho. Vidole vilikuwa shingoni mwa Setsuko. Vinabana... vinaachia... vinabana. Puani mwa Fumie ikaingia harufu ya nywele zinazoungua. Kisha yule mwanamke akageuza uso, akatazama juu mlimani, moja kwa moja ndani ya lenzi.

Alikuwa Fumie.

Mzee Iwabuchi naye alichungulia, akasema anamwona Bi Setsuko tu. Lakini Fumie alipomwambia uso aliouona, mzee rangi ilimtoka. Hakuuliza mengi. Wazee wa huku wanajua kwamba wivu ukimzidi mtu aliye hai, roho yake hutoka na harufu ya kuungua, ikatembea yenyewe, na mwenyewe asijue.

"Dawa yake?" Fumie alinong'ona.

"Mwenye roho amkirie yule anayemwonea wivu. Kwa kinywa chake. Kabla haijamaliza kazi."

Fumie akateremka mbio, kamera shingoni, ile lenzi hakukumbuka hata kuirudisha. Maneno alishayapanga njiani. Setsuko akamlaki kwa furaha, akamwambia mikono yake imekwisha nguvu leo, korongo wako karibu, basi shoga yake asimame hapo pahala pake. Fumie akafungua mdomo.

Korongo wakaja.

Walishuka kundi zima, ukungu unapanda kutoka majini, na utepe wa mwanga mwekundu ukapita chini ya mabawa. Mwanga wa namna ile haurudi, mpiga picha yeyote wa huku atakuapia. Nitamwambia wakishatua, Fumie alisema moyoni. Akainua kamera. Nyuma yake kikohozi kikazidi... kikapungua... kikanyamaza. Alikisikia kikinyamaza. Akaendelea kupiga.

Alipogeuka, Setsuko alikuwa ameketi thelujini, kichwa kimelala begani. Fumie akapiga magoti, akayasema yote kwa kilio, kwamba alimwonea wivu miaka yote hii, kila picha, kila sifa.

"Najua," Setsuko alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Unakuja kila jioni. Nilikuwa nangoja uniambie, shoga yangu."

Hakusema tena.

Kalenda iliyofuata, Januari ikawa ya Fumie. Watu wakajaa nyumbani kwake na vikeki vya mchele, wakaitazama picha, wakasifu. Hatimaye. Halafu mmoja wao akashusha pumzi, akasema ni nzuri sana, ila marehemu angeipiga vizuri zaidi. Wote wakaitikia kwamba ni kweli, Mungu amrehemu, jicho lile halitapatikana tena.

Fumie akatabasamu, akawamiminia chai. Kifuani kile kitu kikapanda, kile kile. Akageukia dirisha ili wasimwone macho.

Kule nje, kwenye theluji, mwanamke mmoja alikuwa anavuka daraja la mto kuelekea makaburini, alikolala Setsuko, bila haraka. Fumie alimjua kwa mwendo: ulikuwa mwendo wake mwenyewe.