Muuaji wa Ukurasa wa Thelathini

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, Maren Haugen aliamshwa na mlio wa taipureta kutoka jikoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amekwisha kuuzoea. Mama yake, Corinne, aliandika hadi saa kumi na mbili, kisha akavaa buti na koti zito, akaenda kuwasha basi la shule alilokuwa akiliendesha mjini Duluth, kando ya ziwa kubwa. Ziwa ligande lisigande, hakukosa hata asubuhi moja.

Alikuwa akiandika riwaya ya upelelezi. Nahodha ameuawa gatini, na mpishi wa meli yake anamsaka muuaji kati ya mabaharia, daktari na mjane wa nahodha. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu. Alipoimaliza, alimpa Maren mswada wote asome, akamwomba amjibu swali moja tu: je, alimtambua muuaji kabla ya mwisho?

Maren alimtambua kwenye ukurasa wa thelathini. Lakini siku aliyomaliza kusoma, alimkuta mama amekaa kwenye ngazi, mgongo unamuuma kwa kuzoa theluji iliyokuwa imelizika basi. Akamhurumia.

"Sikumjua kabisa, Mama," alisema. "Nilishtuka."

Corinne alicheka kwa furaha, na siku hiyohiyo akaupeleka mswada posta.

Walisubiri majira yote ya baridi. Wachapishaji wanne waliurudisha bila maelezo. Wa tano alikuwa mhariri wa New York aitwaye Bi. Tillinghast, naye aliandika barua fupi. Alisifu lugha, akasifu jinsi gati lilivyoelezwa, lakini alisema kuwa muuaji anajulikana mapema mno.

Corinne aliisoma barua mara mbili, akaiweka kando ya sahani ya pankeki. Alisema huenda mhariri huyo alisoma kwa haraka, maana hata Maren hakugundua. Kesho angeutuma mswada uleule kwa mchapishaji wa sita.

Maren aliweka uma chini.

"Mama, nilimjua," alisema. "Ni daktari."

Mama alimtazama. "Ulimjuaje?"

"Kila mtu ana kasoro isipokuwa yeye. Ni mwema mno, nikajua kuna kitu unakificha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka. Niliogopa utaacha kuandika."

Corinne aliinuka, akasimama dirishani akiwa amempa mgongo. Maren alidhani analia. Lakini aliporudi alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Alimwambia binti yake asogeze sahani, kisha amwonyeshe kila mahali alipomshuku daktari. Walipata mahali kumi na tisa.

Kuanzia kesho yake, taipureta ililia saa kumi badala ya saa kumi na moja. Corinne alitupa sura saba nzima, akambadilisha muuaji bila kumwambia Maren. Alimpa daktari hasira na ulevi, akampa pia mjane wa nahodha sababu ya kuua. Maren aliposoma upya, alimtambua muuaji katikati ya kitabu, akasema hivyo bila kupepesa macho. Mama alikaza meno, akambadilisha muuaji tena, akaandika upya. Mara ya tatu Maren alimshuku mtu mwingine, tena alikosea vibaya.

Bi. Tillinghast alipotumiwa riwaya hiyo tena, aliikubali. Corinne angekuja kuandika nyingine kumi na moja, na angeendelea kuendesha basi hadi ya nne itoke.

Kitabu cha kwanza kilipofika, wawili hao walikaa jikoni wakikipitisha mikononi.

"Ulinihurumia mgongo, ukaniachia kazi mbovu," Corinne alisema kwa upole. "Nikapoteza majira mazima ya baridi. Mtu akikuomba ukweli, mpe, hata kama amechoka. Uchovu ungeniisha kwa kulala. Kosa nisiloambiwa nisingelirekebisha kamwe."

Maren aliitikia kwa kichwa. Mama akamsukumia kurasa za kwanza za riwaya ya pili, naye akavuta kiti, akaomba kalamu nyekundu.