Jina Mbele ya Taa

Haya nilielezwa na Kankindi mwenyewe, mwezi wa saba uliopita, tukiwa tunapukuchua maharage uani kwake Mbugangari. Alikuwepo, na asiyoyaona aliambiwa na dada yake, kwa hiyo si maneno ya kuokota njiani.

— Mama ule mwenye kitambaa ya kijani! Ndiyo, wewe! Kuja hapa mbele!

Mukankusi, dada mkubwa wa Kankindi, aligeuka nyuma aone anayeitwa ni nani. Kumbe ni yeye. Walikuwa ndani ya Duka la Mazingaombwe, kwenye kiwanja kipya cha michezo pembeni ya ziwa, njia ya Nyamyumba. Rafu zimejaa chupa zinazotoa moshi na kofia zinazojivua zenyewe. Muuzaji alivaa kanzu ya nyota na ndevu za bandia zilizokwisha banduka upande mmoja.

— Enda, dada, Kankindi alimsukuma. Atakukula?

Pembeni yao alisimama Viateur, suruali imepigwa pasi ikanyooka. Huyu Viateur ndiye aliyempenda Mukankusi wakiwa vijana kule Goma, mtaa wa Birere. Baba yake Mukankusi akamwoza kwa Mbonigaba, mtu mwema tu. Wakarudi Rwanda, wakamzaa Belise, na Mbonigaba akafariki. Viateur alibaki Goma, naye akamzika mke wake. Mwaka huu wakakutana tena sokoni, na siku ya Pasaka Viateur akamuuliza: tuoane? Mukankusi akasema ngoja kwanza. Kungoja kukawa kurefu. Asubuhi hiyo Viateur alimwambia wazi:

— Shema mutoto wangu ananiita niende kuikala naye Kisangani. Leo unipe jibu. Kama ni hapana, kesho naenda.

Sasa muuzaji alimwinulia Mukankusi taa ya kioo.

— Mama, hii taa inalala. Haitaki kiberiti, haitaki umeme. Inaamuka tu kama unaita jina ya mutu mwenye kuikala ku roho yako. Ita kwa nguvu!

— Ita, mama! watu walipiga kelele. Usiogope papa wa pembeni yako!

Mukankusi alimtazama Viateur. Viateur anatabasamu, kidevu juu. Jina lilipanda mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo, likakataa kutoka.

— Mama, taa itazeeka!

Watu wakacheka. Mukankusi akafumba macho.

— Mbonigaba!

Taa ikawaka bluu, kengele zikalia, rafu zikatikisika, watu wakapiga makofi. Alipofumbua macho, mahali pa Viateur palikuwa patupu.

Walipiga simu. Ikalia mpaka ikachoka. Halafu ukaingia ujumbe, Kankindi akausoma:

"Nimepata jibu. Sina kasirani. Mi siwezi kushindana na marehemu. Niko naenda ku Barrière nivuke mupaka, kesho nasafiri. Ubaki salama, Mama Belise."

— Unaona kazi yako? Umeita mufu mbele ya muzima!

— Ningeita nani?

— Ati ningeita nani! We dada, kichwa iko muzima?

Mukankusi alitoka mbio mpaka barabarani. Alisimamisha pikipiki, akavaa kofia juu ya kitambaa.

— Grande Barrière, mbio! Hapana, hapana mbio sana.

Upepo wa ziwa ukampiga usoni, na Goma ya zamani ikamrudia yote. Karanga ndani ya kikaratasi. Redio ya jirani, nao wakicheza nje ya ukuta. Viateur amekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na yeye anamwita toka ng'ambo ya barabara, bila haya, mpaka wauza mihogo wanamsaidia: Viateur, unaitwa! Siku hizo mdomo wake haukujua kuogopa.

Alimkuta mpakani, kwenye mstari, kitambulisho mkononi.

— Toka mu mustari.

— Mama Belise, rudia nyumbani.

— Nimesema toka. Batu banatuangalia.

— Baangalie. Zamani ulikuwa unaniita mpaka bamama ba mihogo banacheka. Leo jina yangu imekushinda. Ya kwake imetoka mbio.

— Bon. Sikia. Ile miaka yote nilikuwa kwake, nilitaja jina yake siku moja?

Viateur alishusha mkono wenye kitambulisho.

— Hata moja. Ni Papa Belise, basi. Siku ya kumuzika padri aliniuliza marehemu anaitwa nani, ni Kankindi alijibu. Mama alinifundisha: bibi hataji jina ya bwana yake.

— Hata mama yangu, Viateur alisema polepole. Papa alikuwa anamuita tu "muzee wa hapa".

— Donc, si unaona? Leo nimemutaja mbele ya batu bote. Haiko tena bwana yangu, nimemuacha alale. Na we, tangu Pasaka uniulize ile neno, ulishanisikia nikitaja jina yako?

Viateur alifikiri. Kwenye simu: "Allo, ni mi." Kanisani: "We, sogea." Sokoni alivutwa tu mkono wa shati, naye akaona ni dharau.

— Tangu Pasaka?

— Tangu Pasaka.

— Na mi ninaikala nangojea jibu!

— Juu uko kichwa nguvu.

Mtu wa nyuma yake akachoka.

— Papa, unavuka ao unaoa? Tusogee!

— Ninaoa, Viateur alisema, akatoka kwenye mstari.

Hapo hapo akapiga simu.

— Shema? Sikuji tena Kisangani. Hapana, sigonjwi! Tafuta koti ya muzuri, ni we utakuja huku.

Wakatembea kidogo ufukweni, wakala sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, halafu Viateur akavuka kwenda kwake.

Nyumbani Kankindi alikuwa amepakua chakula, amenuna.

— Na sasa? Viateur anasema nini?

— Nani? Huyo jina yake inanishinda, Mukankusi alisema. Lakini anakuja Jumapili na bakubwa bake.

Kankindi alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini. Wakala, wakaongea Goma yao yote, nani alicheza na nani, nyumba gani ilikuwa na mlango wa bluu, na Mukankusi akasinzia katikati ya neno, viatu miguuni. Kankindi alimvua viatu, akamfunika kitenge, akajilaza upande wa ukuta, naye akalala.